Nyumba Uliyoikataa Gozo

Alexandria, Virginia
Oktoba 1999

Mama,

Karmenu ameondoka. Nilimpeleka Dulles Alhamisi iliyopita. Alitaka kuingia kwenye ndege na lile begi lake la vifaa mkononi, mpaka dada wa kaunta alipolinyanyua, akashindwa, akaomba lipelekwe na mizigo mingine. Alinikumbatia, akasema, "Haya, Nasimiyu," vile ulivyokuwa ukisema wewe ukishamaliza maneno yako. Kisha akaenda. Nilirudi kwenye gari nikakaa karibu nusu saa bila kuwasha injini.

Sijawahi kukuandikia tangu ufe. Nimekuwa nikiongea nawe kichwani, kwenye basi, kwenye lifti za hoteli nikisukuma mikokoteni ya shuka. Lakini kuandika nimeogopa, kwa sababu nikiandika itabidi niseme lile neno nililokuambia, na nikilisema litakaa hapa kwenye karatasi. Sasa nalazimika. Kuna mambo nimeyajua mwaka huu, na wewe ndiye uliyenificha.

Nianze na Karmenu, maana sikuwahi kumtendea haki hata katika kumfikiria. Ulinisimulia mlivyokutana na nikajifanya sisikii. Ulikuwa umeanza kazi katika ile nyumba ya wazee, wiki ya pili au ya tatu, ukaenda kunawa mikono baada ya kumlisha mgonjwa. Ukasema peke yako, "Sabuni nayo imeenda wapi?" Fundi wa jengo alikuwa amelala chali chini ya sinki akikaza bomba. Akatoa kichwa, mzungu mwenye nywele nyeupe, akakunyooshea sabuni. Ulidhani umeota. Akakueleza kwamba kwao, kisiwani Gozo, karibu na Malta, sabuni ni sapuna. Kufikia saa ya chakula mlikuwa mmefika kwenye hesabu, mkakuta sita yao ni sita yetu. Dunia kwao ni dinya. Roho ni ruh. Kaburi ni kabar. Ulirudi nyumbani unacheka, ukaniambia hawa watu ni Waswahili waliopotea njia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuleta Amerika upumzike, Mama. Baba alikuwa amekufa miaka mingi, umechoka na shamba la Kitale, na mimi nilikuwa na picha kichwani ya mama mzee anayeningoja na chai nikitoka shifti. Nawe ukatafuta kazi. Ukatafuta na mume. Nilikuja korti ya Alexandria siku mliyofunga ndoa nikiwa na yunifomu ya hoteli, nikasimama nyuma, nikawahi metro kabla hamjakata keki. Ulinitunzia kipande. Kilikaa kwenye friji yako wiki mbili.

Halafu ikaja habari ya Gozo. Karmenu alikuwa anakaribia kustaafu na alitaka kurudi kwao, nawe ulikubali kwenda naye. Meza yako ikajaa picha za nyumba za mawe ya rangi ya asali alizotuma wakala. Nikija Jumapili nawakuta mnabishana kwa sauti za watu wanaofurahi. Yeye alizaliwa karibu na bandari, akataka nyumba inayoangalia maji. Wewe ulimwambia bahari ni ya kutazama siku moja kisha mtu anarudi kwake. "Mimi nataka nikiamka nimwone mtu analima," ulisema. Ulitaka jiko kubwa. Ulitaka kanisa la kwenda kwa miguu. Uliniuliza kama nyumba ya mawe hupakwa rangi, nikasema sijui. Uliniuliza kama kwenye kisiwa watu hupanda sukuma wiki, nikasema muulize mwenyewe.

Na ile Jumapili baada ya ibada. Unaikumbuka. Najua unaikumbuka. Karmenu alikuwa amekwenda kumtengenezea jirani mlango. Ulikunjua ramani ya kisiwa mezani, ukashika mkono wangu, ukasema niweke kidole mahali ninapoona panafaa, kwa sababu mimi nina bahati ya kuchagua. Nikautoa mkono. Nikasema, "Nani atakuzika huko?"

Ukaikunja ramani. Ukaniongezea chai. Ukaniuliza kama bosi wangu mpya ni mtu mzuri.

Sikuiona tena ramani ile ukiwa hai.

Oktoba ukaniambia unakwenda North Carolina na akina mama wa kanisa, mafungo ya siku sita. Ulirudi uso umeiva kwa jua, ukanipa chupa ya asali isiyo na lebo, ukasema kuna mama amekupa. Ilikuwa asali yenye harufu ya majani makali. Niliila na mkate mpaka ikaisha na sikujiuliza lolote.

Februari ukaanguka kazini. Uliwahi kusema hutaki kusumbua watu ukifa, na kweli hukusumbua, siku mbili tu hospitalini na hukufungua macho. Karmenu alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Alikuwa akikuhesabia kwa Kiswahili polepole, moja, mbili, tatu, akifika kumi anaanza tena. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nashukuru Mungu sikumwambia.

Sasa lile la mazishi. Watu wa kanisa walikusanyika, mambo ya kukusafirisha yakaenda haraka, na Baba mdogo Wafula akapiga simu kutoka Kitale. Alisema utalala karibu na Baba, hilo halina mjadala. Kisha akasema yule mzee abaki huko huko, kwa sababu wazee wa ukoo watauliza ni nani, na matanga si mahali pa maswali. Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kusema nitafikiria. Nilimwambia ndiyo, Baba mdogo, nikaenda kwenye apatimenti yenu nikampata Karmenu amekwisha pasi suti yake nyeusi, imetundikwa mlangoni. Nikamwambia wamesema ni vizuri abaki. Aliuliza kama ni lazima. Nikasema ni mila. Sikusema kwamba hata mimi niliona ni rahisi hivyo.

Alikuja mpaka pale Dulles wanapopokelea mizigo. Alivaa ile suti. Jeneza lako lilipoingizwa kwenye mashine ya kupima alivua kofia, akabaki ameishika kwa mikono miwili, akiwa amezungukwa na makatoni. Mimi nikaenda na wewe. Yeye akapanda basi akarudi Alexandria.

Niliporudi kutoka Kitale sikwenda kumwona. Kutoka kwangu hadi kwake ni vituo viwili vya basi, Mama. Mwaka mzima nilipita pale nikitazama upande wa pili wa barabara.

Ni yeye aliyekuja. Ilikuwa Machi mwaka huu, siku yangu ya ofu, nikafungua mlango nikamkuta amekonda, na bahasha chini ya kwapa. Alikuwa amestaafu. Akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili chako kabisa, kile cha kwetu, kwamba anarudi Gozo na anahitaji kununua nyumba, lakini hajui kuchagua peke yake. "Niliwahi kuishi kwenye meli na kwenye vyumba vya kupanga," alisema. "Nyumba sijui. Wewe unajua vyumba." Ni kweli, kazi yangu ni kukagua vyumba. Aliomba twende naye wiki mbili, yeye atalipa nauli. Nilikubali kabla hajamaliza, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema.

Tulikwenda Mei. Kutoka Malta mnavuka kwa feri, mwendo mfupi tu. Mashamba yalikuwa yameanza kukauka, ngano imekatwa imefungwa mafungu, na kuta fupi za mawe zimegawa kila kipande kama kwetu tunavyogawa kwa ua. Niliona mzee analima vitunguu na jembe la mkono. Nikasema moyoni, huyu hapa mtu wako.

Wakala alikuwa na nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa Marsalforn, ghorofa ya pili, inatazama ghuba. Karmenu alisimama kwenye roshani akavuta pumzi kama kijana. Mimi nikaenda kukagua nyuma ya makabati. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula bawaba zote, nyuma ya kitanda ukuta umeota ukungu, na mama wa dukani chini akaniambia miezi ya joto hakuna usingizi kwa sababu ya kelele za wageni, na miezi ya baridi hakuna mtu kabisa. Nilimweleza. Alikubali haraka, nikashangaa. Baadaye alikiri alitaka tu kusimama pale mara moja.

Ya pili ilikuwa Nadur, kijiji cha juu. Nyumba ya chini, ya juzi juzi, haina uzuri wowote. Bafu lina vigae vya buluu vibaya sana. Lakini msukumo wa maji bombani ulikuwa mzuri, hakuna unyevu, kituo cha basi kipo pale nje, zahanati iko mtaa wa pili, na mpwa wake Doris anaishi ng'ambo ya barabara. Tukasema tuiweke akilini.

Siku ya tatu wakala akasema kuna moja Gharb, iliyokuwa imeuzwa mnunuzi akajitoa, kwa hiyo imerudi sokoni. Karmenu akasema hiyo tusiende. Nikauliza kwa nini. Akasema ni mbali. Nikasema kisiwa chote ni kidogo kuliko wilaya yetu, mbali ni wapi. Tukaenda.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mnene mwenye aproni, Bi Rita, anayeishi nyumba ya jirani. Nyumba ilikuwa ya marehemu kaka yake. Alimsalimia Karmenu kama mtu anayemjua. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, akaweka mkono kifuani. Tuliongea Kiingereza, lakini nakuambia kwa lugha yetu. Alisema, "Wewe ni binti yake. Yuko wapi?"

Karmenu akamjibu kwa Kimalta. Niliokota neno moja tu katika yale maneno, kabar, na ni neno ambalo wewe ndiye uliyenifundisha. Bi Rita akakaa kwenye ukingo wa kisima cha uani akalia.

Mama, mbona hukuniambia?

Ndipo akanieleza. Hukwenda North Carolina. Ulikuja pale Oktoba na Karmenu, siku sita, ukaipenda ile nyumba tangu siku ya kwanza. Ulipima jiko kwa hatua zako, hatua saba kwa tano, ukaonyesha mahali pa meza na mahali pa masufuria. Ulikaa uani na Bi Rita ukimsaidia kuchagua zeituni, ukamfundisha kuimba kitu ambacho amekisahau. Ile asali ilikuwa yake. Mlikuwa mmekubaliana na Karmenu, mmesema mtatia sahihi mkirudi majira ya kuchipua. Na asubuhi ya mwisho ulikuja peke yako, kwa miguu, Karmenu akiwa bado amelala hotelini. Ukamwambia Bi Rita umeghairi. Alikuuliza kama ni bei. Ukasema hapana. Alinisimulia jibu lako neno kwa neno, kwa sababu anasema hakuweza kulisahau: "Nina binti mmoja, na ameniuliza swali ambalo sina jibu lake. Siwezi kumwacha nalo."

Sikumbuki vizuri nilitoka vipi mle ndani. Nakumbuka tulikaa kwenye ngazi za kanisa la Gharb, mimi na Karmenu, na njiwa wanatembea mbele yetu. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema ulimwomba. Ulisema nikijua nitajilaumu. Nikamuuliza kama ulilia. Alifikiri kwanza. Ndivyo alivyo, hasemi jambo la kunifurahisha tu.

"Asubuhi alilia," alisema. "Jioni alikula samaki vizuri. Hakuwa na hasira nawe, Nasimiyu. Alisema tutatafuta apatimenti kubwa zaidi huko huko Alexandria, mtaani kwetu Duke Street, na wewe uje ukae nasi."

Hilo nalo hukuniambia. Labda ulikuwa unangoja nipoe. Labda ulidhani kuna muda.

Nikamwambia Karmenu ainunue. Nilisema kwa nguvu, watu wakageuka. Nyumba ya Mama ndiyo hii, nikasema, chukua hii, mimi nitakuja kuifanyia usafi kwa mikono yangu. Hakubishana nami. Alisema turudi kesho tuitazame vizuri.

Kesho yake nikaitazama vizuri, kwa macho ya kazini. Jiko lako ni zuri, Mama. Dirisha linaangalia shamba. Nilipiga hatua zangu, nikapata sita kwa nne na nusu, maana mguu wangu ni mrefu kuliko wako. Lakini chini pale kuna jiko tu, na banda walilokuwa wakifungia punda. Chumba cha kulala na choo viko juu, na ngazi iko nje, ya mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu mpaka yamekuwa laini kama sahani, bila kitu cha kushikilia upande mmoja. Nilimwambia Karmenu apande. Alipanda vidato vinane, goti likamgomea, akasimama, akashika ukuta, akajifanya anatazama ndege.

Kwa watu wawili ile ngazi ingewezekana. Mmoja angekuwa anamwita mwenzake ashuke taratibu, mmoja angepeleka chai juu siku za mvua. Kwa mzee wa miaka sabini anayekaa peke yake, ile ngazi ni kifo. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale chini na sikutaka kujua. Nilitamani kunyamaza. Angeinunua, Mama, kwa ajili yako angeinunua na angepanda.

Nikasema, "Hii hapana. Chukua ya Nadur."

Alinitazama kutoka juu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ngazi hii itakuua na mimi nitakuwa Virginia. Akashuka, miguu yote miwili kwenye kila kidato, akaja akanishika bega, tukaenda kupanda basi.

Kwa hiyo nimekunyima nyumba ile mara mbili. Ya kwanza naomba unisamehe. Naomba kwa magoti, hapa nilipo. Ya pili sikuombi msamaha, nadhani wewe mwenyewe ungefanya hivyo hivyo ukiona lile goti lake.

Akanunua Nadur. Nilibaki siku nne za mwisho nikisugua vile vigae vya buluu, Doris akaleta mapazia. Ukipanda juu ya paa, bahari inaonekana kwa mbali, mstari tu. Bi Rita alikuja kwa basi na miche miwili ya komamanga. Aliniambia nyumba ya Gharb ikipata watu wengine atawaambia jiko lile lilipimwa na nani.

Niliporudi nilikaa na jambo moja mpaka Julai, kisha nikampigia simu Baba mdogo Wafula. Nilimwambia Karmenu alikuwa mume wa Mama, wa ndoa halali ya korti, na kwamba tulimkosea, na mimi ndiye niliyekosea zaidi kwa sababu nilikuwa namjua. Akasema nimeanza kuongea kama Mwamerika. Nikasema huenda, lakini jambo ndilo hilo. Akasema atazungumza na wenzake. Wiki tatu baadaye alipiga mwenyewe. Amesema mzee aje, ila aje nami, na tuje mahindi yakishavunwa. Kuhusu kuongeza jina la Karmenu kwenye msalaba wa kaburi lako hajakubali kitu. Msalaba umeandikwa mke wa marehemu baba yangu, basi, na yeye anataka ubaki hivyo. Nilimweleza Karmenu nikiogopa ataumia. Akasema jina lake halina kazi pale, yeye anataka kusimama tu.

Tiketi zipo. Yeye atatoka Malta, mimi Washington, tukutane Nairobi wiki ya pili ya Desemba, tupande basi la Kitale mchana. Doris amemnunulia Karmenu soksi nzito kwa sababu ameambiwa kwetu asubuhi kuna baridi, ingawa Karmenu mwenyewe hataki kuamini.

Apatimenti yenu imepangishwa kwa familia kutoka Kongo. Nilikabidhi funguo mwenyewe. Mama wa pale aliniuliza kwa Kiswahili chao kama aliyekuwa akiishi humo alikuwa mtu mwema, nikamwambia walikuwa wawili, na wote walikuwa wema. Nikaondoka kabla hajauliza zaidi.

Pumzika, Mama. Kila Jumapili nitampigia Karmenu simu, na nitaongea naye Kiswahili, kwa sababu huko aliko hana mwingine wa kuongea naye. Na Desemba nitamleta. Nitampitisha kwa Baba mdogo kwanza, anywe chai, asalimie watu. Halafu nitamwonyesha njia, nami nitarudi nyuma mpaka penye ua nikae huko, nimwache aongee nawe kwa muda wote anaotaka.

Binti yako,
Nasimiyu